Nyanya akiuliza "nani amekufa?": jibu kwa familia inayopanga sherehe ya miaka mia

"Daktari, nyanya yetu anaishi karibu na Kimilili. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1925, kwa hiyo mwaka huu anatimiza miaka 100. Sisi wajukuu, wengi tuko Nakuru na Kisumu, tumechanga pesa na kuchagua Agosti kwa sababu shule zimefungwa. Tumepanga mahema matatu, vipaza sauti vya kukodi, fulana zenye picha yake, ng'ombe mmoja, na mwakilishi wadi amekubali kuja. Baba mkubwa anataka siku hiyo nyanya agawe shamba mbele ya wageni. Nilipomweleza nyanya mipango hiyo alinyamaza, kisha akaniuliza: 'Nani amekufa?' Tangu hapo hataki kuizungumzia. Shangazi anasema huo ni usahaulifu wa uzee, tuendelee tu. Baba mdogo naye anasema nyanya hajafika mia, ana 96. Ni kweli kwa miezi mingi sasa anarudia maswali, anasikia kwa shida, na anameza dawa za presha. Je, mwili wake utahimili? Na kuna ukweli kwamba kusherehekea umri wa mzee ni kumwitia kifo?"

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye yale maneno mawili ya nyanya. Shangazi yako anayaona kuwa dalili ya kusahau. Mimi nayaona kuwa ndiyo yenye akili timamu kuliko yote mliyoniandikia.

Hebu kaa mahali pake. Mama aliyeishi karibu karne nzima katika Bungoma ameona mahema yakifungwa uani mara ngapi, na kwa sababu gani? Amemzika mumewe. Amezika marika wake wote, na pengine watoto wake kadhaa. Kila safari lilikuja lori la viti vya plastiki, vikaja vipaza sauti, ng'ombe akaangushwa nyuma ya nyumba, watu wakavaa fulana zenye uso wa mtu mmoja, akasimama mwanasiasa jua la utosi akaanza kusema alivyomjua. Sasa wajukuu zake wanamjia na orodha hiyo hiyo, kitu kwa kitu, na uso ulio kwenye fulana ni wake. Ungekuwa wewe ungeuliza nini?

Kwa hiyo nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalomsumbua yeye. Hapana, sherehe haimwitii kifo. Katika miaka yangu ya kutibu wazee sijaona mtu aliyekufa kwa kupongezwa. Nimeona waliozidiwa kwa kupigwa na jua, kwa kiu, kwa kukosa usingizi na kwa kusahauliwa dawa katika siku ya kupongezwa, na hayo yanazuilika. Lakini hofu yake msiicheke. Nyinyi mmekua na keki na mishumaa. Alipokuwa msichana hakuna aliyehesabu siku ya kuzaliwa ya mtoto. Watu walihesabu marika, misimu na mavuno. Maneno makubwa ya kumsifu mtu mbele ya umati yalikuwa na wakati wake. Kwa Wabukusu, msemaji wa kumuse, yaani hotuba ya kumuenzi marehemu, huja baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima, si kabla. Mtu aliyelelewa hivyo akiona anasifiwa kwa kipaza sauti akiwa bado anapumua, moyo wake hushtuka, na mshtuko huo ni wa kimila, hauna uhusiano na ugonjwa.

Basi msimamo wangu ni huu, na nitauelezea kwa urefu: mwadhimisheni, tena mwaka huu huu, lakini sherehe ikatwe kwa kipimo cha mwili wake na masikio yake, na iwe siku ya kumsikiliza yeye zaidi ya siku ya kumwonyesha kwa watu.

Tuje kwenye usahaulifu, maana hapo ndipo familia nyingi hukosea pande zote mbili. Wengine husema "ni uzee tu" na kuacha ugonjwa unaotibika. Wengine humwona mzee akirudia swali mara nne wakaamua kwamba hana tena la kusema. Kumbukumbu si debe moja linalovuja sawasawa. Sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi ndiyo huchoka mapema, na katika maradhi ya kupoteza kumbukumbu ndiyo mara nyingi huumia kwanza. Ndiyo maana nyanya anaweza kukuuliza umefika lini, umjibu, na baada ya dakika kumi akuulize tena. Lakini yale yaliyoingia zamani, yakasimuliwa mara mia na kuchanganyika na nyimbo, harufu na kazi za mikono, yamekaa mahali kwingi na hayang'oki upesi. Waulize wazee habari za maisha yao na utaona hadithi nyingi zinatoka katika umri wa miaka kumi hadi thelathini. Huko ndiko nyanya yako anakoishi kwa raha, na huko ndiko mnapaswa kumfuata.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulitofautishe. Kusahau kunakokuja polepole kwa miezi na miaka kunahitaji kuchunguzwa, ila si kwa mbio. Lakini mzee aliyekuwa sawa juzi, leo amechanganyikiwa, anasinziasinzia, anaona watu wasiokuwepo au hamtambui binti yake, huyo ni mgonjwa wa leo. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au ya mapafu, malaria, kukaukiwa maji, choo kigumu cha siku nyingi, au dawa mpya aliyopewa. Kwa umri wake homa inaweza isipande kabisa hata kama maambukizi ni makali, kwa hiyo paji la uso lililo baridi lisiwadanganye. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa ubishi wa baba yako mdogo. Ana haki ya kuuliza. Uandikishaji wa lazima wa vizazi haukuenea nchi nzima hadi 1971, na wanawake walianza kuandikishwa kupata vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978. Maana yake nyanya alipata kitambulisho chake cha kwanza akiwa mama wa miaka hamsini na kitu, kwenye foleni, mbele ya karani aliyemtazama uso, akamuuliza maswali mawili matatu na kuandika mwaka. Mwaka huo unaweza kuwa sahihi, au ukapotoka mbele au nyuma.

Umri wake unaweza kukadiriwa vizuri zaidi kwa njia za kwenu wenyewe, na kazi hiyo ni heshima kwake, kwa sababu anayeulizwa ni yeye. Anzeni na nzige. Walishambulia nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuingia 1931, wakaleta njaa magharibi. Kama anakumbuka kupiga debe shambani kuwafukuza, basi alikuwa na angalau miaka minne au mitano. Ulizeni kama alisikia wanaume wakienda Kakamega kuchimba dhahabu. Hiyo ni 1931 na 1932. Ulizeni kama alikuwa ameolewa wakati vijana wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni, walipopelekwa Burma, wakati wa vita vya pili. Ulizeni alikuwa na watoto wangapi polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, kule Malakisi, Februari 1948. Hakuna mtu wa rika lake upande ule asiyekuwa na la kusema kuhusu siku hiyo.

Kisha mpate jando la mtoto wake wa kwanza wa kiume. Wabukusu hutahiri Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kila mwanamume anajua mwaka wake. Tuseme mwana huyo aliingia jandoni 1958 akiwa na miaka kama kumi na minne: alizaliwa karibu na 1944. Kama mama yake alikuwa na miaka kumi na minane au ishirini alipomzaa, tumerudi 1924 hadi 1926, na kitambulisho hakikukosea sana. Fanyeni hesabu hiyo pamoja na baba mdogo, mkiwa mmekaa kwenye mkeka wa nyanya, na ugomvi utageuka kuwa utafiti.

Nenda pia kanisani. Kama alibatizwa Katoliki au Anglikana kuna daftari la ubatizo, na mara nyingi padri aliandika umri wa kukisia, ambao bado ni wa karibu zaidi kuliko ule wa karani wa kitambulisho. Kama familia yenu ni ya Marafiki, yaani Quaker, hamtapata daftari hilo, kwa kuwa Marafiki hawabatizi kwa maji. Hapo tafuteni vitabu vya ndoa na vya washirika.

Halafu kuna jina lake la kuzaliwa, na hapa nashangaa kwamba hamkulifikiria. Nekesa huzaliwa wakati wa mavuno, Nafula wakati wa mvua, Nasimiyu kiangazi, Naliaka wakati wa kupalilia, Nanjala wakati wa njaa. Mama yake alimwandikia cheti cha kuzaliwa katika jina. Mmechagua Agosti kwa sababu ya likizo ya shule. Kwa nini msichague msimu alioingia nao duniani? Kama ni Nasimiyu, ngojeni hadi Desemba au Januari, shule zikiwa zimefungwa vile vile mwezi wa Desemba, barabara zikiwa kavu, na mvua ya alasiri ya huko kwenu ikiwa imepungua. Na mkigundua ana 98, sherehekeeni bila kuandika tarakimu kwenye keki. Kitambulisho msikiguse. Pesa zake za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, zile shilingi 2,000 za mwezi, zinapita kwa namba hiyo, na kubadilisha mwaka wa kuzaliwa katika umri huu kutamletea usumbufu asiouhitaji.

Uliniuliza kama mwili utahimili. Utahimili saa moja na nusu nzuri. Hautahimili saa nane.

Nitakueleza kwa nini, ukiwa na picha ya siku mliyoipanga. Chukua masikio. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba za juu, na ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na k. Mzee husikia kwamba unasema, ila maneno yanamfikia kama uji. Ukipaza sauti unaongeza zile nzito anazozisikia tayari, na zile nyembamba zinabaki zimepotea. Ndiyo maana kumfokea sikioni hakusaidii, na ndiyo maana hema lenye vipaza sauti ni adhabu kwake: kelele yote inaingia, maana yote inabaki nje. Atakaa katikati ya watu mia tatu wanaomsifu, asielewe hata sentensi moja, na wapiga picha watasema mbona nyanya hatabasamu. Anayetaka kumwambia neno aje mbele yake, ainame usawa wa macho, mwanga uwe usoni mwa msemaji, aseme polepole kwa sauti nene ya kawaida. Na wiki kadhaa kabla, apelekwe kuangaliwa kama ana nta masikioni. Nimeona mzee "aliyekuwa kiziwi" miaka mitatu akisikia jogoo siku hiyo hiyo baada ya kusafishwa na muuguzi.

Chukua chakula. Mtu akila sana, damu nyingi hukimbilia tumboni, na mwili wa kijana hubana mishipa kwingine ili presha isishuke. Mwili wa mzee huchelewa kufanya hivyo, hasa akiwa anameza dawa za presha. Katika saa moja au mbili baada ya mlo mkubwa presha inaanguka, naye anaona giza, na kama ndipo mmemsimamisha akate keki mbele ya umati, anaanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mtu wa umri huu, habari hiyo huwa ndefu na mara nyingi haina mwisho mwema. Mpeni kidogo kidogo, akiwa ameketi wima, vipande laini, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula ili chakula kisimpalie. Akate keki akiwa kwenye kiti chenye mikono.

Na tafadhali muulizeni anataka kula nini. Wengi wa wanawake wa rika lake walilelewa katika mwiko wa kutokula kuku wala mayai. Wengine waliuacha walipoingia kanisani, wengine hawakuuacha kamwe, ila hawasemi. Ingekuwa aibu kumwekea paja la kuku mezani siku yake, kumbe alitaka mboga za murenda na kunde zilizopikwa kwa musherekha, ile chumvi ya majivu, na ugali wa wimbi.

Kiu ndiyo hatari isiyoonekana. Hisia ya kiu hufifia na umri. Mwili unakauka na mtu hasikii haja ya kunywa. Hapa ndipo nataka kuwa mkali kidogo. Nimekutana na familia zaidi ya moja ambazo asubuhi ya sherehe zilimnyima mzee chai na maji ili asisumbue kwenda chooni mbele ya wageni, na zikaacha dawa zake ili "asilale". Mama mmoja niliyemwona aliletwa jioni akiwa bado amevaa kitenge kipya na taji la maua, ulimi umekauka kama kipande cha kitambaa, hajui yuko wapi. Alirudi nyumbani baada ya siku sita, na hakuikumbuka sherehe hata kidogo. Dawa za presha ameze kama kawaida, isipokuwa daktari wake aseme vingine. Anywe kikombe kila saa moja au mbili. Choo kiandaliwe karibu, kiti chenye ndoo safi chumbani kikitosha, na awepo mtu mmoja wa kike anayemwamini, ambaye kazi yake siku nzima ni hiyo tu.

Mengine ni mepesi. Fanyeni asubuhi, kuanzia saa nne hivi, akiwa ameoga na kunywa chai. Wazee wenye kusahau huchanganyikiwa zaidi jua linapoteremka. Kaeni barazani kwake au chini ya mwembe anaoujua, siyo ukumbini Kimilili mjini. Wageni wamwendee watano watano, wakinawa mikono, na mwenye kikohozi au mafua amsalimie kwa mbali. Ikifika saa tano na nusu mpelekeni ndani alale, nanyi mwendelee na ng'ombe wenu upande wa pili wa boma.

Kwa maana sisemi msikutane. Mnahitaji kukutana, wajukuu wa Nakuru na wa Kisumu wengine hawajuani, na kuwaona wote mahali pamoja kunaweza kumpa nyanya furaha ambayo hakuna dawa yangu inayoweza kuileta. Nimefikiria njia tatu kwa ajili yenu. Kuacha kabisa ni rahisi, lakini nahofia mtakutana mara ya kwanza siku ile aliyoiulizia. Kuendelea kama mlivyopanga kutawafurahisha wageni na kumchosha mwenyewe. Ya tatu ndiyo ninayoipendelea, nayo ina gharama yake: itabidi mmwombe radhi mwakilishi wadi, mkatae fulana zilizokwisha chapishwa, na wapo watakaosema mmemfanyia nyanya kitu kidogo. Gawanyeni siku iwe wiki. Kila tawi la familia lije siku yake, lilale hapo, limpikie, likae naye. Jumapili padri au mchungaji aje na waimbaji wachache wasio na kipaza sauti, waimbe zile za ujana wake. Na kama yupo mzee wa kupiga litungu, ala ya nyuzi ya Kibukusu, pale kijijini, mwekeni kiti karibu na magoti ya nyanya. Nimeona watu waliosahau majina ya watoto wao wakiimba wimbo mzima, beti zote, bila kukosea.

Pesa zitakazobaki zina kazi. Mtoto wa jicho unaweza kuondolewa hata kwa mtu wa miaka mia kama afya yake nyingine inaruhusu. Godoro zuri, kishikio ukutani kando ya choo, taa ya sola ya usiku ili asijikwae. Na yule binti au mkaza-mwana anayemwogesha kila siku, ambaye hukumtaja hata mara moja katika barua yako, apewe likizo, kitambaa kizuri na neno la shukrani mbele ya wote. Nina hakika ndiye aliyepangiwa kuosha sahani siku hiyo.

Suala la shamba nitalipita haraka kwa sababu si fani yangu, ila nimeona madhara yake. Lisifanyike siku hiyo. Mzee anayesikia nusu ya maneno, aliyechoka, mbele ya umati na mwanawe akimsubiri aseme, hawezi kusemwa kwamba ameamua kwa hiari. Zaidi ya hayo, ikiwa hati bado iko kwa jina la marehemu babu yenu, kama ilivyo kwa mashamba mengi, tangazo la nyanya halihamishi hata futi moja. Kuna utaratibu wa mirathi mahakamani, na haki za mjane ndani yake. Baba mkubwa amwone wakili, na kama kweli nyanya ana la kusema kuhusu ardhi, daktari ampime kwanza uwezo wake wa kuamua, siku ya utulivu, bila warithi chumbani.

Nimebakiza lile ninalolipenda kuliko yote. Katika wiki hiyo, mrekodini. Simu yoyote inatosha, mkiizima mtandao ili isilie, mkaiweka juu ya mto karibu na kifua chake, siyo juu ya meza inayogongwa. Muombeni ruhusa kwanza, na mumweleze nani atasikia. Anayeuliza awe mjukuu anayekijua Kibukusu. Msimlazimishe Kiswahili, kwani kwa lugha yake ndiyo mtapata majina ya mimea, ya visima, ya koo na ya wapenzi waliokataliwa. Mwanzoni taja tarehe, mahali na waliopo. Nusu saa inatosha kwa kikao kimoja.

Msimuulize "maisha yalikuwaje zamani." Swali hilo halina pa kushika, na mtu mwenye kumbukumbu iliyochoka huteleza juu yake. Mpeni kitu mkononi: jiwe la kusagia, chungu, kitabu cha nyimbo kilichochakaa, picha ya harusi. Muulizeni maji mlichota wapi, na nani alikuwa mbele yako njiani. Siku ulipoletwa hapa kama bibi harusi, ulivaa nini na ulilia kwa sababu gani. Treni ya kwanza uliyoiona, ulidhani ni nini. Akirudia hadithi ile ile mara ya tano, msimkatize kwa kusema "ulishatuambia." Mara ya tano huwa na neno ambalo mara nne za kwanza hazikuwa nalo. Akikosea mwaka, acheni ukosee. Akianza kulia, nyamazeni, mshikeni mkono, na mzime simu kama anataka. Yapo mambo wanawake wa rika lake waliyabeba ambayo wana haki ya kufa nayo.

Usiku huo huo nakilini sauti hiyo mahali patatu tofauti, mbali na hiyo simu. Simu huibiwa kwenye matatu.

Kabla ya yote haya, mpelekeni kwa daktari au afisa wa tiba, wiki tatu au nne kabla, na mhudumu wenu wa afya ya jamii anaweza kuwaelekeza. Ombeni apimwe presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama. Wengi hupimwa wakiwa wamekaa tu, na ile ya kusimama ndiyo inayowaangusha. Chukueni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na zile za kunywa za duka na za mitishamba pia. Masikio, macho na miguu viangaliwe. Na msingoje miadi yoyote akianguka, akilegea upande mmoja wa mwili au mdomo ukienda upande, akipumua kwa shida, akiumwa kifua, akikataa kunywa kwa siku nzima, au asipopata mkojo tangu asubuhi hadi jioni.

Kwanza kabisa, wikendi hii, panda matatu uende Kimilili peke yako, bila kamati na bila orodha. Mwambie hakuna aliyekufa. Mwambie mnataka kuja kumsalimia, kisha muulize angependa kumwona nani. Huenda akataja majina ya watu waliokwisha kutangulia. Msikilize tu, usimsahihishe. Lakini huenda pia akataja dadake mdogo aliyeolewa ng'ambo ya Malaba ambaye hawajaonana miaka mingi, na hapo utajua pesa za mahema ziende kwenye nauli ya nani.